Haishiki

Tuliporudi Nairobi kutoka kumzika Owino kwao ziwani, tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu hapa Gatina, Kawangware, sisi wazee tukipumzika kila kona, na tulipofungua mlango tukawakuta wajukuu waliotangulia wamewasha runinga. Hakuna aliyewakemea. Watoto nao huchoka na huzuni. Akinyi, mjane wake, aliketi kwenye kochi bila kuvua viatu, nami nikaketi kando yake kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Kwenye runinga kulikuwa na msichana wa mtaa wa mabanda, au ndivyo tulivyotakiwa kuamini. Chumba chake cha mabati kilikuwa na nafasi ya kufanyia harusi. Kucha zake zilikuwa ndefu, za rangi ya fedha. Alitoka mbio kwenye mvua na viatu vyake vyeupe vikarudi vyeupe. Mama yake alikuwa kitandani akikata roho, na aliikata huku akitoa hotuba, bila kukohoa, bila kuomba maji, nywele zimechanwa vizuri. Akinyi, ambaye tangu kaburini hakuwa amesema neno ila "asante", alitazama mpaka mama yule akafumba macho. "Haishiki," akasema. Mjukuu mmoja akaokota rimoti na kuipigapiga kiganjani, akidhani nyanya analalamikia betri.

Sikumsahihisha. Chumbani mle tulibaki wawili tu tuliojua neno lile limetoka wapi, na mmoja wetu alikuwa amechoka. Limetoka Kibera, upande wa Kambi Muru, katika mwaka mmoja ambao naukumbuka vizuri kuliko miaka mingine mingi iliyofuata. Kuhusu nilikotoka na walionizaa nitaandika mahali pengine. Mwaka ule unatosha wenyewe.

Nilikuwa kijana, seremala, nimeingia Nairobi na msumeno na randa, nikapanga chumba kwenye ploti ndefu yenye milango iliyotazamana. Mchana nilitengeneza vitanda kwenye karakana kando ya barabara. Jioni nilirudi kulala kwenye kimoja nilichojitengenezea, cha mbao nzito, kikubwa kuliko chumba kilivyostahili. Mlango wa pili ulikuwa wa Owino na Akinyi, waliokuwa wameoana karibuni. Owino alifanya kazi ya mjengo, mkewe aliuza mboga. Kati yao na mimi palikuwa na bati moja tu, na bati halina siri. Nilijua Akinyi akisahau chumvi. Wao nao, nilikuja kujua baadaye, walijua kwamba nikila peke yangu huwa naongea. Nilikutana na Owino mferejini, mitungi yetu ikiwa kwenye foleni, akaniuliza kama kile kikohozi cha asubuhi ni changu. Tangu siku hiyo sahani zikaanza kutembea. Akinyi alinipelekea omena, vile visamaki vya ziwani, na ugali wa mtama. Mimi nilipika muthokoi, yale mahindi ya kwetu Kitui yaliyokobolewa, na Owino aliyatafuna kwa heshima kubwa na bila furaha yoyote. Aliniita ndugu, nami nikamwita ndugu. Watu wengi hapo waliitana hivyo, ila sisi tulimaanisha.

Mwisho wa ploti alikaa Mama Nekesa, mama wa Kibukusu aliyekaanga mandazi, na ndiye aliyekuwa na runinga. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari, na ilifunikwa kitambaa cha kufuma ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Siku ya kipindi, chumba chake kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya unga. Kipindi chenyewe kilikuwa cha hapahapa, kuhusu familia maskini ya mtaa kama wetu, na tulikingoja wiki nzima. Kisha kikianza tu, kesi inaanza.

"Ona," Mama Nekesa alisema, mikono bado ina mafuta. "Amenawa miguu na karai mzima ya maji safi, alafu amemwaga nje. Hiyo maji alinunua wapi?"

"Labda kwao iko bure," Akinyi alijibu.

"Na amewasha jiko ndani, moshi hakuna, hakuna mtu anakohoa. Na hawa wanagombana hivyo na jirani hajapiga bati. Hii nyumba haina jirani? Haishiki." Alilitamka neno hilo akisugua vidole viwili kama anayepima unga wa mandazi, unga ukiwa haujakubali maji. Mimi nililipenda kwa sababu zangu za kazi, maana gundi mbaya nayo haishiki: unabana mbao usiku kucha, asubuhi unafungua, zinaachana kama hazijawahi kujuana. Kabla ya miezi miwili ploti nzima ilikuwa ikisema hivyo. Mhubiri akizidisha, haishiki. Kijana akimwapia msichana, haishiki.

Miaka hii, wajukuu wa Owino wakinilalamikia kuhusu tamthilia zao, huwa nawaza kwamba hatukuwa wakali kwa wote. Kulikuwa na vipindi vya ng'ambo ambamo wanawake walilala wakiwa wamejipodoa na kuamka hivyohivyo, watu wakapotea miaka kumi na kurudi na sura nyingine, nasi tulivimeza vyote kama chai. Uongo wa mbali haumdhuru mtu. Huyu mwongo wa hapa alikuwa anasema juu yetu. Alikuwa ameingia nyumbani kwetu, akatazama huku na huku, akatoka na kusimulia vibaya. Tulijisikia kama watu waliopigwa picha wakiwa wamevaa nguo za wengine. Hata hivyo hakuna aliyekosa kipindi, kwa sababu kila wiki tulitumaini kwamba mara moja, hata kwa bahati mbaya, wangepatia.

Katikati ya mwaka akaja mama yake Akinyi. Tulimwita Mama Akinyi, na hakuhitaji jina lingine. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, na alikuwa na kidonda mguuni ambacho kwao kilikuwa kimeshindikana. Hospitali ikamwambia kidonda kitaoshwa kila baada ya siku mbili, na kwamba saa zote nyingine mguu ulale, uwe juu ya kitanda, usining'inie. Ukining'inia utaoza, na ukioza utakatwa. Akinyi alitueleza hayo akiwa amesimama uani, akijaribu kuyasema bila kulia, na akashindwa. Wiki za matibabu zilikuwa nyingi. Nilidhani neno limekwisha: binti ana nyumba, nyumba ina kitanda. Lakini Mama Akinyi alipelekwa moja kwa moja kwa Mama Nekesa, akapewa kitanda cha watoto, na watoto wakahamia sakafuni.

Kilichonishangaza zaidi ni Owino. Tangu mama mkwe afike, hakuingia tena kwa Mama Nekesa. Siku ya kipindi alisimama nje, kichwa dirishani, akitazama runinga kwa pembeni huku akihakikisha haoni kitanda.

"Amesema nini huyo?" aliuliza kutoka nje.

"Amesema ana mimba," tulimjibu.

"Ya nani?"

"Ngoja."

Mama Akinyi, mguu juu ya mto, alikuwa mkali kuliko Mama Nekesa. Alikuwa ameuzia watu samaki miaka mingi na alijua mtu anayesema uongo kwa jinsi anavyoshika mfuko. Hakumwamini mwigizaji hata mmoja. Basi likaja lile juma ambalo katika kipindi alifika bibi mmoja kutoka ziwani, mama wa mke, jina la kwao kabisa, na mkwe wake akampokea mzigo, akamkalisha kwenye kitanda chao, akamwambia, "Mama, lala hapa, sisi tutalala chini." Na bibi yule akajinyoosha, akashukuru. Mimi nilitabasamu. Niliona ni kijana mwenye adabu. Kisha nikaona nimetabasamu peke yangu. Mama Nekesa aliweka mkono mdomoni. Mama Akinyi alijigeuza taratibu, mguu na yote, akatazama ukuta wa udongo.

"Zima," alisema. "Hiyo si mtu. Hiyo ni nguo imevaa mtu."

Nilimkuta Owino nje, bado kando ya dirisha, akitikisa kichwa. "Wewe ni Mkamba, huwezi jua," aliniambia. "Kwetu maro, yaani mama mkwe, hawezi lala kwa nyumba ya mtu ameoa msichana wake. Hiyo kitanda ni mwiko. Akilala hapo chira inaingia, ugonjwa ya kuvunja mwiko, na inaweza kula mtoto hata hajazaliwa. Sasa hao watu walienda kuuliza nani?" Nikamuuliza, na kama hakuna mahali pengine? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa atakula nini siku ambayo hakuna chakula. "Mahali inapatikana," alisema.

Ikapatikana mpaka mvua zilipoanza. Mvua za mwaka ule zilikuwa za kukata tamaa. Mtaro ulifurika, maji yakatafuna ukuta wa nyuma wa Mama Nekesa, na asubuhi moja ukuta ukalala chini wote, watoto wakiwa wametoka kununua sukari na Mama Akinyi akiwa hospitalini kuoshwa kidonda, Mungu asifiwe. Runinga iliokolewa ikiwa bado imevaa kitambaa chake. Mama Nekesa akahamia kwa dada yake, upande wa Silanga, kwenye chumba ambacho tayari kilikuwa kimejaa watu na makaa ya kuuza. Nafasi ya mgonjwa haikuwepo. Mama Akinyi akasema atapanda basi kesho yake arudi kwao, na sote tulijua maana yake. Huko hapakuwa na wa kumwosha kidonda. Akinyi alizunguka ploti akibisha mlango baada ya mlango, na kila mlango ulikuwa na watu sita.

Mimi nilikuwa na chumba kikavu, na kitanda kikubwa kuliko mahitaji yangu, na mahali pa kulala kule karakana. Sijui kwa nini sikufikiria mapema. Nilitandika shuka safi, nikamwambia Akinyi amlete. Alikuja akiegemea bega la bintiye, mvua ikinyunyiza, akafika mlangoni, akatazama kitanda, na nikaona uso wake ukilegea. Aliinua mguu mzima akauvusha kizingiti. Hapo mimi, kwa furaha yangu, na kwa kutaka asijione mzigo kwa mtu baki, nikafungua mdomo.

"Karibu mama, usiogope. Hapa ni kwako. Mimi na Owino ni ndugu kabisa, ni kama tumezaliwa tumbo moja."

Mguu ukarudi nje. Alivuta stuli yangu, akaiweka chini ya ukingo wa paa, akakaa, na mguu wenye kidonda ukaning'inia.

"Mutua," Akinyi alisema, akijipiga mapaja. "Mutua, umesema nini?"

"Nimemkaribisha."

"Umemwambia wewe ni ndugu ya bwana yangu. Ndugu ya mkwe ni mkwe. Sasa hiyo kitanda yako na ya Owino ni moja."

Nilijaribu kueleza kwamba ni njia ya kusema tu, kwamba Nairobi nzima ni ndugu. Mama Akinyi alitazama mvua. Alikuwa amekaa ploti ile miezi kadhaa; aliona sahani zikitoka mlango mmoja zikiingia mwingine, na alijua kwamba neno lile halikuwa njia ya kusema. Hilo ndilo lililoniumiza. Laiti ningekuwa mwongo kidogo, mguu wake ungekuwa tayari kitandani. Owino alikuja kutoka kazini, akasimama mbali kama ilivyompasa mkwe, na mkewe akamweleza. Akashika kichwa. Kisha Akinyi, aliyekuwa amekata shauri, akatuita wote wawili nyuma ya choo. "Mtaenda hapo mbele yake," alisema, "mkatane. Mseme hamjuani. Sitaki kucheka."

Kwa hiyo tukaenda kukatana. Majirani walikuwa wametoka milangoni, kwa sababu katika ploti habari hufika kabla yako. Owino alisimama upande ule wa uani, mimi upande huu, mvua katikati, na Mama Akinyi juu ya stuli.

"Mutua," Owino alianza, kwa sauti aliyoitoa sijui wapi, sauti ya mtu wa redio, "kuanzia leo wewe si ndugu yangu."

"Hata wewe," nikasema.

"Ulichukua nyundo yangu."

"Sikuchukua. Wewe ndiye ulichukua randa yangu, ndugu, na..."

Kicheko kikatoka mlango wa tatu. Owino mwenyewe alikuwa ameuma mdomo, mabega yanatikisika. Nilimtazama Mama Akinyi, nikamwona akisugua vidole viwili.

"Haishiki," alisema. Tukainamisha vichwa. Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Rudieni. Wewe mrefu, wacha hiyo sauti ya kanisa. Na wewe usimwite ndugu."

Nimefikiria mara nyingi kuhusu lile "rudieni". Mama aliyekuwa hamsamehe mwigizaji hata kwa namna alivyoshika kijiko alikuwa anatupa nafasi ya pili, kidonda kikidondosha maji kwenye udongo wangu. Alitaka sana kuingia. Alitaka apewe kitu anachoweza kukiamini, na hakuwa tayari kujifanya amekiamini. Owino alilielewa hilo kabla yangu. Alijifuta mvua usoni, na alipoanza tena alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile niliyoizoea kupitia bati.

"Huyu si ndugu yangu. Ni Mkamba tu. Tulikutana mferejini. Nilimwonea huruma kwa sababu hakuwa na mtu. Jioni anakula peke yake akiongea na msumeno, mimi na bibi yangu tunasikia, tunanyamaza. Ndio nikaambia bibi ampelekee omena. Ni huruma tu. Hakuna kitu ingine."

Hakuna aliyecheka. Akinyi alitazama chini, na kwa hilo nikajua kwamba kuhusu msumeno ilikuwa kweli. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini Owino alikuwa amelichagua, na alikuwa amechagua lenye ukweli, kwa kuwa jingine lisingefaa kitu. Uso uliniwaka. Nilitafuta tusi la kumrudishia, sikulipata. Nilisimama pale, mkono kwenye mwimo wa mlango, nikiwa nimeaibishwa mbele ya ploti nzima, na nadhani ni huko kushindwa kwangu kujibu kulikomaliza kazi.

Mama Akinyi alinitazama. "Pole, kijana," alisema. Kisha akamshika bintiye bega, akainuka, akavuka kizingiti, akalala juu ya kitanda changu na kuuweka mguu juu ya mto.

Alikilalia mpaka kidonda kikafunga. Mguu haukukatwa, alirudi kwao akiutembelea na akauza samaki miaka mingine mingi. Mimi nililala karakana kati ya vitanda vya watu. Ilitubidi kulinda kile tulichokisema, la sivyo mwiko ungekuwa umevunjwa kwa nyuma, na kwa hiyo sahani zikaacha kutembea na mimi na Owino tukapitana uani tukiguna tu. Mwanzoni kuguna kwangu kulikuwa kwa kweli. Nilikuwa na uchungu naye, na sikumwambia. Siku moja mferejini, mama mkwe akiwa amelala, alisogeza mtungi wake pembeni, akauweka wangu mbele, akasema, "Mkamba, teka." Uchungu ukapungua. Tangu hapo hakuniita tena ndugu, wala mimi sikumwita, hata baada ya sote kuhamia Kawangware, hata baada ya Mama Akinyi kufariki na kutuacha huru. Tulizeeka hivyo. Kuhusu huruma na msumeno hatukuzungumza kamwe. Nilijiambia aliigiza, na siku nyingine nikajiambia hakuigiza, kutegemea nilivyoamka.

Mwezi uliopita alipolazwa nilikuwa naye kila siku. Jioni ya mwisho saa za kuona wagonjwa ziliisha, na nesi, msichana mpole aliyekuwa mgeni katika wodi ile, akapita akisema wabaki watu wa familia tu. Akasimama kwenye kitanda chetu. "Huyu ni ndugu yako, mzee?"

Owino alifumbua macho. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Si ndugu yangu," alisema. "Ni Mkamba tu. Tulikutana mferejini. Nilimwonea huruma."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, ila chini ya blanketi mkono wake ulikuwa umenishika kidole na haukukiachia mpaka nesi aliponigusa bega kunitoa. Asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa. Nesi yuleyule alikuwa pale akikunja shuka, akaniambia wanatafuta mtu wa familia wa kupewa habari, bibi yake bado hajafika.

"Nipe mimi," nikasema. "Mimi ni ndugu yake."

Aliweka shuka chini, akanitazama kwa huruma. "Lakini mzee," alisema, "si jana mwenyewe alikataa?"

Owino alikuwa amelisema vizuri mno.